Bildi na Shahamu: Darwin katika Visiwa vya Keeling, Aprili 1836

Ijumaa, 1 Aprili 1836

Hakuna mlima wa kumjulisha baharia kwamba nchi kavu iko karibu. Kwanza huonekana vichwa vya minazi juu ya maji, kisha mstari mweupe wa mawimbi, na mwisho kabisa mchanga wenyewe. Ndivyo Beagle, meli ya upimaji ya jeshi la wanamaji la Uingereza, ilivyovikuta visiwa vya Keeling, viitwavyo pia Cocos, baada ya kuondoka Australia tarehe 14 Machi. Viko kusini-magharibi mwa Sumatra, karibu kilomita 1,000, na pande zote ni Bahari ya Hindi tupu.

Mwamba umezunguka duara, na mlango wa kupita meli uko upande wa kaskazini. Meli ikiwa bado mlangoni, mashua ikaja na Mwingereza mkazi wa pale, Bwana Liesk. Mwenye visiwa, Nahodha John Clunies-Ross, alikuwa safarini. Beagle ikatia nanga karibu na kisiwa cha Direction.

Ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 27, Charles Darwin. Leo jina hilo likitajwa watu huwaza nyani na mabishano ya mageuzi. Mwaka ule mwenyewe alijihesabu mwanajiolojia: nyundo mkononi, daftari mfukoni, na kitabu cha mwanajiolojia Charles Lyell ambacho Nahodha Robert FitzRoy alimpa mwanzoni mwa safari. FitzRoy naye alikuwa na kazi yake. Pamoja na kuchora ramani za pwani, wakubwa wake London walitaka achunguze kisiwa cha matumbawe chenye umbo la duara. Swali lilikuwa limewakera mabaharia na wataalamu kwa muda mrefu: katikati ya bahari yenye kina kisichopimika, nani aliyejenga duara hizi, na juu ya msingi gani?

Jibu lililotawala, na Lyell ndiye aliyelipa uzito, lilikuwa kwamba matumbawe yameota juu ya ukingo wa volkeno iliyo chini ya maji. Darwin hakuliamini, na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba aliacha kuliamini kabla hajauona hata mwamba mmoja wa namna hiyo. Wazo lake mwenyewe alilipata kwenye pwani ya magharibi ya Amerika Kusini. Alikuwako Chile wakati wa tetemeko la Februari 1835, akaona ufuko ulioinuliwa na kome wakifia juu ya mawe makavu. Ikiwa ardhi inapanda huku, kwa nini isiwe inazama kwingine? Keeling ndipo mahali pa kulipeleka wazo hilo mahakamani.

Jumamosi, 2 Aprili

Asubuhi akashuka Direction. Kisiwa ni ukanda mwembamba, mita mia chache tu kutoka maji hadi maji. Upande wa ndani ni ufuko mweupe wa mchanga wa chokaa, na jua linavyopiga hapo huwezi kuyafumbua macho sawasawa. Upande wa nje ni uwanda wa jiwe gumu unaopokea bahari kuu. Udongo hakuna wa kuusema: ni vipande vya matumbawe vilivyovunjwavunjwa, na katika vipande hivyo ndimo minazi ilimosimama, imejaa na kuzaa.

Akaanza kuhesabu kilichopo, na hesabu ilikuwa fupi. Mimea ya porini haikuzidi sana aina 20, wadudu aina 13, mjusi aina moja. Mbegu zote, aliamua, zililetwa na mawimbi ya bahari. Ndege wa baharini walikuwa tele. Kaa wa kila namna walitambaa chini ya miti, wengi wao wamevaa makombe ya kuazima.

Kilichomshangaza ni visima. Katika ukanda huo wa mawe yenye matundu, uliozingirwa na chumvi, kulikuwa na maji matamu kiasi cha meli kujaza mapipa, na maji hayo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Maelezo yake ni kwamba maji ya mvua ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya ndani ya jiwe. Bahari ikijaa huyainua, ikipwa huyashusha. Wenyeji wa Lamu wanaokunywa maji ya vilima vya mchanga vya Shela hawatahitaji kuambiwa mara mbili.

Jumapili, 3 Aprili

Baada ya ibada ya melini, yeye na FitzRoy wakaenda kwa mashua hadi makazi ya watu. Hapa simulizi inaacha mawe kidogo, na haifai kupita haraka.

Miaka kama tisa hivi kabla ya hapo, Mwingereza mmoja, Alexander Hare, aliyewahi kuwa mkuu wa serikali huko Banjarmasin, Borneo, alileta kundi la watumwa wa Kimalay na kujifungia nao katika kisiwa kimoja. Wengi walikuwa wanawake. Kisha akaja Clunies-Ross na familia yake na watu wake, Liesk akiwa mmojawapo. Watumwa wa Hare wakaanza kumtoroka, wakavuka kwenda upande wa Ross, mpaka Hare mwenyewe akabaki hana watu, akaondoka. Darwin aliandika kwamba sasa walikuwa huru kwa jina. Kwa jina tu: walifanya kazi ya nazi kwa bwana mwingine, na idadi yao pamoja na watoto ilizidi mia. Walitoka Borneo, Java, Sumatra na Celebes, lakini lugha yao ilikuwa moja.

Nyumba ya Ross na Liesk ilikuwa banda kubwa lililo wazi pande mbili, kuta zake zimefunikwa kwa mikeka ya magome. Nyumba za Wamalay zilipangwa kando ya maji ya ndani. Bustani hakuna. Nazi ndiyo kila kitu: mafuta yake yanauzwa, nazi nzima zinapelekwa Singapore na Mauritius, nguruwe wananenepa kwa nazi, bata na kuku vilevile. Mtu wa Pemba au Mafia angejisikia nyumbani kwa saa moja, kisha angeuliza mchele uko wapi.

Usiku, mwezi ukiwa umetoka kuwa mpevu, wanawake wakawaonyesha mchezo. Mwiko mkubwa wa mti ulivishwa nguo; ulikuwa umepelekwa kwenye kaburi la mtu, na ukiamka chini ya mwezi huo hucheza wenyewe mikononi mwa wanaoushika, nao wengine wanauimbia. Darwin aliuona upuuzi. Sisi tunaojua ngoma za pepo tunaona kitu kingine: watu waliohamishwa kwa nguvu, wakiwa wameushika mkono wa wafu wao. Aliyempendeza yeye ni mwezi kati ya makuti.

Wajukuu wa watu hao wapo hadi leo. Tarehe 6 Aprili 1984 walipiga kura chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa na kuchagua kuungana na Australia, na utawala wa ukoo wa Clunies-Ross ukafika mwisho.

Jumatatu, 4 Aprili

Siku ya mwamba. Mwezi mpevu ulikuwa umeleta bamvua, bahari ikapwa sana, na kwa bahati ilikuwa shwari kuliko kawaida. Darwin akatembea majini juu ya uwanda wa jiwe lililokufa kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika.

Anayejua kutembea mwambani wakati wa maji kupwa ataelewa kazi yake. Uwanda una mashimo na mifereji, jiwe linakata, na kila baada ya mawimbi kadhaa huja moja lisilo na adabu. Ili kufika ukingoni kabisa alitumia upondo mrefu, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, na katika ziara yake nzima alifanikiwa kufika huko mara mbili tu.

Alichokikuta ndicho kilichomleta. Pale ambapo bahari inapiga kwa nguvu zake zote, ndipo matumbawe hai yalipostawi: vichuguu vya porite vyenye upana wa mita moja mpaka mbili na zaidi, vimekufa juu kwa sababu havivumilii jua wala hewa, lakini vinaendelea kukua pembeni. Kati yake zilisimama bamba nene za milepora, aina iwashayo mkono ukiigusa. Na juu zaidi, kwenye sehemu inayolowanishwa na rasharasha tu, kulikuwa na mwani mgumu kama jiwe, umepaka ukingo wote tabaka la chokaa. Huo mwani ndio unaoupa mwamba mdomo wake, nao ndio unaouvunja mgongo wa wimbi.

Hebu tulifikirie jambo hili kama alivyolifikiria yeye. Pepo za kusini-mashariki, jamaa wa kusi yetu, huvuma huko karibu mwaka mzima, na mawimbi hayapumziki. Kisiwa cha jiwe gumu kabisa, cha matale au granito, kingeliwa polepole mpaka kiishe. Lakini huu ukanda wa chini, uliojengwa kwa vijidudu laini vinavyoyeyuka kidoleni, umesimama. Kinachovunjwa leo kinajengwa leo. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa jiwe hilihili na kupakwa chokaa ya jiwe hilihili, lakini nyumba zake zinabomoka kwa mvua, kwa sababu wajenzi wake wamekwisha kufa. Wajenzi wa mwamba wako hai.

Jumanne, 5 Aprili

Mawe, madaftari, vielelezo. Syms Covington, msaidizi wake, alikuwa na kazi ya kutosha ya kufunga na kuandika vibandiko.

Jumatano, 6 Aprili

Akaandamana na FitzRoy hadi kisiwa kilicho mwisho wa ghuba ya ndani. Njia ya mashua ilipindapinda kati ya mashamba ya matumbawe yenye matawi membamba, na maji ni safi hivi kwamba chini panaonekana kila kitu.

Njiani waliona watu wakivua kasa. Mashua hufukuza chini ya tanga. Kasa akichoka kidogo, mtu aliyesimama omoni hujitupa mgongoni mwake, akamshika gamba kwenye shingo kwa mikono miwili, na kuburutwa mpaka mnyama aishiwe nguvu. Wavuvi wa pwani yetu walikuwa na mbinu ya uvivu zaidi, na kwa maoni yangu ya akili zaidi: chazo, yule samaki anayenata, alifungwa kamba mkiani na kuachiwa amfuate kasa mwenyewe.

Karibu na mwisho wa ghuba alikutana na msitu wa matumbawe, eneo la zaidi ya maili moja ya mraba, yote yamesimama wima na yote yamekufa, yameoza. Kwanza hakuelewa. Kisha akapata jibu, na ni jibu zuri: tumbawe hufa hata likianikwa juani muda mfupi tu. Zamani upepo mkali ulirundika maji ndani ya ghuba kupitia mapengo kati ya visiwa. Mapengo yamezibika kwa mchanga na mawe, maji hayapandi tena kama awali, na matumbawe yaliyokuwa yamefika usawa ule wa juu yakaachwa makavu. Hapakuhitajika gharika.

Jambo jingine la siku hizo halinishawishi. Darwin aliona minazi iliyochimbwa mizizi na maji ndani ya ghuba, na nguzo za banda ambalo wenyeji walisema miaka saba nyuma lilikuwa juu ya alama ya maji kujaa, na sasa bahari inaziosha kila siku. Aliposikia pia habari za mitetemeko ya ardhi katika miaka kumi iliyopita, akaona dalili kwamba kisiwa kinazama mbele ya macho ya watu. Kila mtu huvutia kamba kwake. Yeyote aliyekulia ufukweni amewahi kuona mnazi ukianguka upande huu huku mchanga ukiongezeka upande ule, wala nchi haikuzama. Wazo lake lilikuwa sahihi, lakini ushahidi huu haukuwa wake.

Walirudi melini jioni sana. Walikuwa wamekawia kutazama chaza wakubwa ajabu walioziba midomo kati ya matumbawe. Mtu akitia mkono, alielezwa, hautoi maadamu mnyama yu hai.

7 hadi 11 Aprili

Siku hizi ndizo zilizoamua kesi, ingawa hazina mandhari ya kusimulia. Kazi ilikuwa ya bildi, ile risasi ya kupimia kina cha bahari.

FitzRoy na watu wake walishusha risasi yenye umbo la kengele, upana wa inchi 4 hivi, chini yake imepakwa shahamu. Inapogonga chini, shahamu huchukua alama: mchanga hunata, tumbawe hai huacha chapa ya umbo lake, nayo shahamu hupanda safi. Karibu na ukingo wa nje, hadi pima 12, shahamu ilirudi na chapa za matumbawe hai karibu kila mara. Kati ya pima 12 na 20, chapa na mchanga vilipokezana. Kupita pima 20 na kitu, mchanga tu. Tumbawe halijengi gizani.

Sasa unganisha mambo mawili. Tumbawe linahitaji msingi usiozidi pima 20 au 30 kutoka juu. Lakini mwamba wa Keeling unateremka haraka mpaka kwenye kina kisicho na mwisho. Basi ilikuwaje duara nyingi namna hii, zilizotawanyika kwenye bahari mbili, zote zikapata msingi kwenye usawa uleule mwembamba? Kwamba vilele vya volkeno mia kadhaa vilikomea wote chini kidogo tu ya maji, bila hata kimoja kutokeza, ni hadithi ngumu kuliko jambo linaloelezwa.

Jibu la Darwin: msingi uliteremka. Volkeno huzaa kisiwa. Matumbawe huota pembeni mwake, yakishikana na ufuko. Kisiwa kinazama polepole, matumbawe yanapanda kwa mwendo huohuo yakitafuta mwanga, na kati yao na nchi kavu panatokea maji. Alikwisha kuiona hatua hiyo Novemba 1835 akiwa juu ya milima ya Tahiti, akitazama kisiwa cha jirani kikiwa kimezungukwa na duara la mawimbi meupe. Mwisho kilele chenyewe kinafunikwa, na duara linabaki peke yake. Hakuna haja ya aina tatu za miamba. Ni mwamba mmoja wa umri tofauti.

Kati ya bildi moja na nyingine kulikuwa na viumbe. Pono walikuwa wengi, wakitafuna matumbawe, na walipopasuliwa matumbo yao yalikutwa yamejaa chokaa iliyosagwa. Sisi tunamsema pono kwa usingizi wake; kumbe mchana wote yuko kiwandani akitengeneza mchanga mweupe tunaoutangazia watalii.

Na kulikuwa na kaa wa nazi, aliyekuwa wa kawaida sana kila mahali pa nchi kavu. Liesk alimweleza anavyofanya: huchambua makumbi nyuzi moja moja, daima akianzia upande wenye macho ya nazi, kisha hugonga jicho moja kwa gando zito mpaka litoboke, akageuka na kuchokoa nyama kwa koleo nyembamba za miguu ya nyuma. Mafuta ya mkia wa mmoja yalijaza chupa. Nahodha Moresby, mpimaji wa bahari, alipata kumfungia mmoja ndani ya bati la biskuti, mfuniko umekazwa kwa waya. Kaa akakunja kingo, akatoboa bati na kwenda zake. Anayetaka kumwona bila kusafiri mbali, yupo kisiwani Chumbe, Unguja, na hutoka usiku.

Jiwe moja lilimvutia kuliko yote. Kwenye kisiwa kidogo kilicho kaskazini, Ross aliwahi kukuta limeganda ndani ya mwamba jiwe la kijani, la volkeno, kubwa kupita kichwa cha mtu. Huko hakuna jiwe lolote lisilo la matumbawe, hata watu waliokuwa naye walilichukua kama ajabu. Lilifikaje? Darwin alikisia ndani ya mizizi ya mti ulioelea. Mtu angeweza kukaa pale maisha yake yote asipate jiwe jingine la kunolea kisu.

Jumanne, 12 Aprili

Asubuhi Beagle ikatoka mlangoni kuelekea Mauritius. Kiasi cha kilomita mbili tu kutoka ufukweni FitzRoy alishusha kamba ya futi 7,200, karibu mita 2,200, na haikugusa kitu. Keeling, basi, ni mlima unaoinuka kutoka vilindini wenye ubavu mkali kuliko volkeno nyingi za nchi kavu, na wote, kwa kadiri ya jicho, umevikwa kazi ya wanyama wadogo.

Mauritius walifika tarehe 29 Aprili, England tarehe 2 Oktoba. Mei 1837 Darwin alilisoma wazo lake mbele ya Jumuiya ya Jiolojia London, na Lyell, ambaye nadharia yake ndiyo iliyokuwa inauawa, aliikubali mpya. Kitabu kilitoka 1842. Clunies-Ross, aliyekosa kuwapo siku zote hizo, hakukubali na aliandika kupinga. Yeye aliishi juu ya mwamba huo, mgeni alikaa chini ya wiki mbili.

Wapinzani wengine walikuja, mkubwa wao John Murray wa meli ya Challenger, aliyesema matumbawe yanaweza kuota juu ya malundo ya mashapo bila nchi kuzama. Mwaka 1881 Darwin aliandika kwamba anatamani tajiri fulani mwenye fedha za kutupa atoboe atoli mojawapo, yaani kisiwa cha matumbawe cha duara kama Keeling, mpaka futi 500 au 600. Alikufa 1882. Atoli ya Funafuti, katika Pasifiki, ilitobolewa kati ya 1896 na 1898, wakafika mita 340, yote chokaa ya matumbawe, na ubishi haukuisha.

Tajiri alipatikana 1952, naye alikuwa serikali ya Marekani, iliyotaka kujua ardhi ya Enewetak, katika Pasifiki, kwa ajili ya majaribio ya mabomu yake. Mashimo mawili yalipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa, kisha kekee ikakuta jiwe la volkeno. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, kwenye atoli hiyohiyo, kisiwa cha Elugelab kilifutwa kwa bomu la haidrojeni.